Gauni la mshazari: mbona upindo unashuka?

Swali: Gauni la kitambaa cha krepu lililokatwa mshazari, kwa mtindo wa Madeleine Vionnet, huning'inia upande mmoja. Kwa nini?

Jibu: Vionnet, fundi wa Paris aliyeupa umaarufu mkato huo miaka ya 1920, alilaza kitambaa kwa digrii 45 kikanyumbuka kufuata mwili, bila korseti (vazi la ndani la kubana kiuno). Lakini nyuzi za urefu (mtande) na za upana (mshindio) hazinyumbuki sawa, na uzito huvuta. Tundika gauni saa 24 kabla ya kukunja upindo, kisha pima kutoka sakafuni, si kiunoni. Mishono ya pembeni ishone kwa zigizaga nyembamba. Mshono ulionyooka hukatika uzi kitambaa kikinyumbuka.