Pampu ya maji na mashine ya majani: usichanganye dumu moja la mafuta kwa zote mbili

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuchanganya petroli na oili kwenye dumu moja, ukalitumia kwa pampu ya bustani na kwa mashine ya kukatia majani, kwa sababu aliyekuuzia kasema "zote ni injini ndogo tu". Hapana, usifanye hivyo. Kazi yangu ni kufungua injini hizi huku Ukerewe, za boti, za pampu, za misumeno, na kesi ya mafuta hainiishi mezani.

Anza kwa kutafuta kifuniko cha oili ubavuni mwa injini, chini. Pampu yako kama ni Honda GX160, au moja ya zile za Kichina zilizoiga umbo lake, utakikuta, na kijiti cha kupimia kimeshikana nacho. Hiyo ni injini ya mapigo manne. Oili yake inakaa ndani, kama lita 0.6, na tangini inaingia petroli tupu. Mashine ya majani ya kuning'iniza begani mara nyingi haina kifuniko hicho. Hiyo ni ya mapigo mawili, oili yake lazima ipite kwenye petroli. Ila usihukumu kwa umbo, maana zipo za begani zenye mapigo manne, mfano zinazofungwa Honda GX35. Na yale majenereta madogo ya kubeba kwa mkono mmoja, mengi ni ya mapigo mawili. Angalia kifuniko.

Kwenye mapigo mawili, mchanganyiko unapita kwanza chini, kwenye krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) na beringi, ndipo unapanda kuungua. Zile chembe za oili ndizo ulainisho pekee ambao pistoni na beringi zinaupata. Petroli tupu inaosha hata ule utando uliobaki. Ukivuta kamba na kukanyagia mafuta mpaka mwisho, ndani ya dakika chache pistoni inaanza kukwaruza silinda.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni 50 kwa 1, petroli 50 kwa oili moja: mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, 100 kwa kidumu cha lita 5, 400 kwa dumu la lita 20. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, utakuwa unajaza mara moja kwa kila lita. Habari ya "kifuniko kimoja cha chupa" achana nayo, vifuniko havilingani. Kama tangi au kitabu kimeandika 25 kwa 1, ni mililita 40 kwa lita. Wavuvi wenye mashine mpya za boti wanaijua hii: Yamaha nyingi za mapigo mawili zinaanza na 25 kwa 1 saa 10 za kwanza, kisha zinashuka kwenye oili kidogo.

Sasa wapo wanaoongeza oili "kwa usalama". Wanadhani wanaihurumia mashine. Kabureta inapitisha kiasi kilekile cha mchanganyiko, kwa hiyo oili ikizidi, petroli inapungua, hewa inakuwa nyingi kuliko mafuta na joto linapanda. Juu yake unapata moshi, plagi yenye masizi na tundu la ekzosi lililoziba.

Oili yenyewe nayo ina kabila zake. Iliyoandikwa TC-W3 imetengenezwa kwa mashine za boti zinazopozwa na maji. Msumeno na mashine ya majani zinapozwa na hewa, joto lake ni kali zaidi, zitafutie oili ya mapigo mawili yenye alama ya JASO FC au FD kwenye chupa. Oili ya gari usiitie kwenye petroli hata ukiwa umekwama porini, viungo vyake vinaacha majivu juu ya pistoni. Na mwenye msumeno akumbuke una matundu mawili: moja la mchanganyiko, jingine la oili ya mnyororo. Nimeshaletewa yaliyojazwa kinyume.

Turudi kwenye pampu. Inayoua pampu za bustani huku ni mteremko. Mtu anaitega ukingoni mwa ziwa imeinama, oili inakimbilia upande mmoja, na zile zisizo na kihisi cha oili haziwezi kujizima. Chimba kidogo, isimame sawa. Pima oili ikiwa tambarare na imezimwa. Kwa GX160 unafuta kijiti, unakichomeka bila kukifunga, unasoma. Tumia oili ya injini ya 10W-30. Mwaga ya kwanza baada ya saa 20, halafu kila saa 100 au miezi sita.

Kwa hiyo madumu mawili, ya rangi tofauti. La mchanganyiko litikise kabla ya kumimina na usilikalishe zaidi ya mwezi.

Kama pampu umeshaitilia mchanganyiko, mwaga tangi, weka petroli safi, safisha plagi, itapona. Kama mashine ya majani imeshakunywa petroli tupu na ikazima yenyewe, usiivute tena. Fungua ekzosi, mulika pistoni kwa tochi. Ukiona michirizi ya wima, iache hivyo hivyo uipeleke kwa fundi. Ikiwa laini, mwaga tangi, weka mchanganyiko sahihi, dondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi, vuta kamba taratibu plagi ikiwa nje, ndipo uwashe.