Shule wakati wa janga: tunajibu maswali yenu

Maswali ya safari hii yanahusu kulinda afya shuleni wakati wa janga la ugonjwa unaoenea kwa njia ya hewa, kama ilivyokuwa kwa UVIKO-19.

Kamati ya shule yetu inataka kununua mashine ya kuwapulizia wanafunzi dawa getini. Inafaa?

Haifai, na tunawasihi msiinunue. Shirika la Afya Duniani lilikataza kupulizia watu dawa tangu mwaka 2020. Dawa hiyo inawasha macho na ngozi na inambana kifua mwenye pumu, wakati virusi vilivyomo kooni na mapafuni haivifikii kabisa.

Fedha hizo pelekeni kwenye madirisha. Kagueni kila darasa: lipo dirisha lililopigiliwa misumari, lipo lililozibwa na kabati. Fungueni ya pande mbili zinazotazamana ili upepo uingie huku na kutokea kule. Mkitaka kuhakiki, ning'inizeni ukanda wa karatasi laini dirishani. Ukitulia tuli, hewa haipiti. Darasa lenye madirisha upande mmoja liachiwe mlango wazi, na feni iwekwe dirishani ikitazama nje ili itoe hewa chafu. Feni inayozunguka kwenye chumba kilichofungwa inarudisha hewa ileile kwa watoto walewale. Kuimba na kusoma kwa sauti kwa pamoja kuhamie nje.

Tuna bomba moja tu. Mapumziko yanaisha watoto wakiwa bado kwenye foleni ya kunawa.

Hesabu ndiyo inayowaangusha. Kulowesha mikono, kupaka sabuni, kusugua sekunde 20 na kusuuza huchukua kama sekunde 40. Watoto 45 kwenye bomba moja ni dakika 30. Wakigawanywa sehemu sita, hawafiki dakika sita.

Tengenezeni vibuyu chirizi. Chukueni dumu la lita 5, toboeni tundu moja kwa msumari uliopashwa moto, upande wa mbele, chini kidogo ya mdomo. Pitisheni mti kwenye mkono wa dumu, mliegeze juu ya nguzo mbili, kisha fungeni kamba kutoka shingoni hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Mtoto akikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika bila yeye kushika chochote. Tundu likiwa kubwa, maji yanaisha kabla ya nusu ya darasa. Sabuni itobolewe na kufungwa kamba, la sivyo itadondoka topeni au kutoweka. Mwageni kokoto chini pasituame maji. Zaidi ya yote, ateuliwe mtu wa kujaza kila asubuhi. Vibuyu vingi huachwa vikavu kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake atajaza.

Klorini ya kufutia madawati tuchanganye vipi?

Someni kibandiko cha chupa kwanza. Kwa dawa ya asilimia 5, pimeni mililita 20, kisha ongezeni maji mpaka ifike lita 1; kwa ndoo ya lita 10 ni mililita 200. Mtapata nguvu ya asilimia 0.1. Dawati lioshwe kwa sabuni kwanza, maana uchafu unaimaliza nguvu klorini, kisha lipakwe na libaki na majimaji angalau dakika moja. Changanyeni upya kila siku, watoto wasiwepo, madirisha yakiwa wazi. Msiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala amonia: hutoa hewa yenye sumu.

Kipimajoto cha paji la uso kinaonyesha nusu ya darasa wana homa!

Wametoka juani. Wakae kivulini dakika kumi, wafute jasho, mpime tena. Lakini msikitegemee sana, kwani wengi huambukiza wenzao bila kuwa na homa yoyote. Idadi ya wasiofika kila siku, darasa kwa darasa, mara nyingi inawaonya mapema zaidi.

Tangu shule zifunguliwe, mwanangu wa darasa la pili analia kila asubuhi akisema tumbo linamuuma. Nimlazimishe aende?

Pole, mzazi mwenzetu. Maumivu hayo anayahisi kweli, hadanganyi. Mtoto wa umri huo hana maneno ya kueleza hofu, kwa hiyo tumbo ndilo linalosema. Angalia kama linatulia Jumamosi. Kisha muulize mkiwa wawili tu, mkifanya kazi ya mikono: "Ukifika shuleni, unaogopa nini?" Wapo wanaoogopa kumletea bibi ugonjwa nyumbani. Mweleze ukweli kwa maneno machache, na umwonyeshe anachoweza kufanya yeye, kama kunawa akirudi.

Usimzuie nyumbani, kila siku anayokosa inafanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Ongea na mwalimu ampokee getini, mtu yuleyule, saa ileile. Akiamshwa usiku na maumivu, akipungua uzito au akipata homa, mpeleke kituo cha afya. Hofu ikizidi wiki mbili, muone mtaalamu. Na akitamka kwamba anataka kufa, nenda naye siku hiyohiyo.