Kuondoa Malalamiko ya Ubaguzi Kazini: Kinachopotea na Kinachobaki

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu aliyelalamikia ubaguzi kazini akibadili nia, sheria humchukuliaje? Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwandishi wake ana siku chache tu za kuamua, na kwa sababu hali yake huwapata wengi katika viwanda na ofisi za jiji hili la Nairobi.

SWALI: Mshauri, pokea salamu zangu. Nimefanya kazi kwa miaka saba katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Mombasa, na kabla ya kwenda likizo ya uzazi nilikuwa msimamizi wa zamu. Niliporudi Aprili 2024, nafasi yangu ilikuwa imepewa mtu mwingine. Nilipelekwa kwenye meza ya kufungasha bidhaa, marupurupu ya usimamizi yakakatwa, na meneja akaniambia mbele ya wenzangu kwamba mama mwenye mtoto mchanga hawezi kutegemewa zamu ya usiku. Nililalamika kwa idara ya wafanyakazi, kisha kwa afisa wa leba, na mwishowe wakili akanifungulia kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Tumeshapewa tarehe ya kusikizwa. Sasa kampuni inasema itanilipa mshahara wa miezi minne nikiondoa kesi kabla ya wiki hii kwisha, na imenipa karatasi mbili nitie sahihi: notisi ya kuondoa kesi na hati ya maelewano. Wakili wangu amesafiri. Mume wangu anasema nichukue pesa, na wakituhadaa nitafungua kesi upya. Je, hilo linawezekana? – *Mama wa Watoto Wawili, Embakasi*

JIBU: Dada yangu, usitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kuzungumza na wakili wako, hata kama ni kwa simu. Mtu akiwa na wakili anayemwakilisha mahakamani, mazungumzo ya kumaliza kesi yanapaswa kupitia kwa wakili huyo. Kampuni kukufuata wewe mwenyewe, wakati ambapo wakili hayupo, na kukupa siku za kuhesabu, ni jambo la kukutia wasiwasi.

Mume wako hajakosea kabisa. Kuondoa kesi si sawa na kushindwa kesi, kwa kuwa mahakama haijasikiza ushahidi wala kuamua nani ana haki. Agizo la 25 la Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010 linasema kwamba mlalamishi anaweza, kwa notisi ya maandishi, kuondoa kesi yote au sehemu yake wakati wowote kabla haijapangiwa tarehe ya kusikizwa, na kwamba kuondoa huko hakuwezi kutumiwa na upande wa pili kama kinga iwapo kesi nyingine itafunguliwa baadaye. Lakini wewe umeandika kuwa tarehe mmeshapewa, na hapo mambo hubadilika. Kesi iliyokwisha kupangiwa tarehe huondolewa kwa njia mbili tu: ama pande zote zitie sahihi makubaliano ya kuiondoa, ama mahakama itoe idhini, na idhini hiyo inaweza kuambatana na masharti, hasa ya gharama. Mahakama ya Rufaa ilizipambanua hatua hizi waziwazi mwaka 2015 katika kesi ya Beijing Industrial Designing & Research Institute dhidi ya Lagoon Development Limited. Kwa hiyo ile notisi uliyopewa, ikiwa na sahihi yako peke yako, haitoshi kuiondoa kesi yako. Kampuni pia italazimika kutia sahihi, na hapo ndipo penye nafasi yako ya kudai masharti yaandikwe.

Suala la gharama lisikupite. Anayeondoa kesi anaweza kudaiwa gharama ambazo upande wa pili umekwisha kutumia kujitetea, na akifungua kesi nyingine juu ya jambo lilelile kabla hajazilipa, mahakama inaweza kuisimamisha hiyo ya pili mpaka alipe. Kama makubaliano yenu hayasemi kwamba kila upande utabeba gharama zake, basi ahadi ya miezi minne inaweza kupunguzwa na madai ambayo hukuyatarajia.

Kuna pia kalenda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi miaka mitatu kufungua kesi tangu tendo analolilalamikia lilipofanyika. Wewe uliondolewa kwenye nafasi yako Aprili 2024, kwa hiyo salama yako ni kuhesabu kwamba mlango utafungwa Aprili 2027. Ile kesi uliyofungua ikiondolewa, muda uliokwisha kupita haurudishwi, na mahakama hii imeshikilia mara nyingi kwamba haina mamlaka ya kuuongeza. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi iliyomhusu Mwanasheria Mkuu kwamba wafanyakazi walioachishwa kazi walikuwa wamechelewa, ingawa walikuwa wakingoja kesi yao ya jinai imalizike kwanza. Kama kungoja uamuzi wa mahakama nyingine hakukuwasaidia, kungoja ahadi ya meneja hakutakusaidia wewe. Kweli sheria inazungumzia pia madhara yanayoendelea, ambayo huhesabiwa miezi kumi na miwili tangu yalipokoma, na kukatwa marupurupu kila mwezi kunaweza kuonekana kuwa ya namna hiyo. Usiuweke mustakabali wako juu ya hoja hiyo wakati una kesi iliyofunguliwa ndani ya muda.

Sasa nije kwenye karatasi ya pili, ambayo ndiyo nzito. Hukuninukulia maneno yake, lakini hati za aina hii karibu zote huwa na sentensi moja, mara nyingi katika aya ya mwisho juu kidogo ya mahali pa sahihi, inayosema kwamba mfanyakazi amepokea kiasi fulani kuwa malipo kamili na ya mwisho ya madai yake yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, na kwamba hatadai chochote tena kutokana na ajira yake. Notisi ya kuondoa kesi inaiacha haki yako pale ilipokuwa. Sentensi hii huimaliza. Mkishatia sahihi zote mbili siku moja, ni ile hati ya maelewano itakayokufuata mahakamani ukijaribu kurudi.

Mahakama zetu hazichukulii kila hati ya namna hiyo kuwa ukuta. Katika rufaa ya Thomas De La Rue (K) Limited ya mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ilisema kuwa hati ya kupokea malipo ya mwisho haimwondolei mwajiri wajibu wake wa kisheria kwa kuwapo kwake tu, na kwamba mahakama inaweza kuchunguza kama mfanyakazi alitia sahihi kwa hiari na kwa kuelewa. Lakini mwaka 2018, katika rufaa ya Coastal Bottlers Limited, mahakama hiyohiyo iliheshimu makubaliano ambayo mfanyakazi aliyatia sahihi bila kulazimishwa wala kudanganywa, na madai yake yakaishia hapo. Kwa mtu kama wewe, mwenye elimu ya kusoma hati, aliyeandika barua hii ndefu akieleza anachopewa na anachotakiwa kutoa, itakuwa vigumu kusema baadaye kwamba hukuelewa.

Ikiwa kweli unataka kumaliza jambo hili kwa maelewano, na si vibaya kutaka hivyo, kwa kuwa kesi huchosha na bado una mtoto mdogo wa kulea, basi usiondoe kesi ukingoja pesa. Mwambie wakili wako ayaandike makubaliano yote na kuyawasilisha mahakamani yawe amri ya maafikiano: kiasi kinacholipwa, tarehe ya kulipa, gharama, na kwamba kesi itahesabiwa kuwa imeisha pindi malipo yatakapoingia kwenye akaunti. Kampuni isipolipa, hutahitaji kufungua kesi upya, bali utaitekeleza amri ile kama hukumu. Ujue tu kwamba amri ya maafikiano haivunjwi kwa sababu mtu amejuta. Tangu miaka ya 1980 Mahakama ya Rufaa imekuwa ikishikilia kuwa huvunjwa kwa sababu zilezile zinazoweza kuvunja mkataba, kama vile ulaghai au kupotoshwa. Hali ni hiyo pia mkipelekwa kwenye upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ambako makubaliano husajiliwa yakawa na nguvu ya hukumu, na hayakatiwi rufaa.

Soma pia yasiyohusu pesa. Je, utarudishiwa usimamizi, au hati inakutaka ujiuzulu? Je, inakukataza kuwatolea ushahidi wenzako? Mapatano kati yako na kampuni hayawezi kumzuia shahidi kuitikia wito wa mahakama, na kuondoa kesi yako hakugusi kesi ya mwenzako aliyetendewa vivyo hivyo.

Na kabla hujakubali miezi minne, ijue thamani ya unachokiuza. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira kinampa mama anayetoka likizo ya uzazi haki ya kurudi kwenye kazi aliyokuwa nayo, au kazi nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyopungua yale ya awali. Meza ya kufungasha bila marupurupu si kazi ya namna hiyo. Ubaguzi kwa sababu ya ujauzito umekatazwa na Kifungu cha 27 cha Katiba na Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira, na hicho cha pili kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi unaodaiwa haukufanyika. Yale maneno ya meneja mbele ya wenzako ni ushahidi. Andika leo majina ya waliokuwapo. Wengi huamini fidia haiwezi kuzidi mishahara ya miezi 12, lakini kiwango hicho ni cha kuachishwa kazi isivyo haki. Fidia ya ubaguzi mahakama huikadiria yenyewe, na mwaka 2013 hapa Nairobi ilimpa mamilioni ya shilingi mwanamke aliyebaguliwa kwa sababu ya hali yake ya afya na ujauzito. Sisemi nawe utapata kiasi hicho. Nasema kampuni inayokukimbiza huenda imeshapiga hesabu hizo.

SWALI: Nililalamika kwa maandishi kwamba vyeo katika idara yetu vinatolewa kwa watu wa kabila la mkuu wa idara. Niliitwa, nikatishwa, nikaandika barua ya kuondoa malalamiko nikisema sikuwa na ushahidi wowote. Sasa nasikia nitapigwa kalamu. Je, nina kinga? – *Msomaji, Kawangware*

JIBU: Ndugu yangu, kinga ipo. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kuwa kuanzisha malalamiko dhidi ya mwajiri, au hata kukusudia kuyaanzisha, si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi wala kumwadhibu. Kinachokingwa ni kule kulalamika, kwa hiyo kuyaondoa malalamiko baadaye hakukuvui kinga hiyo. Tatizo lako ni maneno uliyoyatumia. Kifungu hicho kina hali moja isiyokingwa: malalamiko yakithibitika kuwa ya kutowajibika na yasiyo na msingi, kinga haipo, na wewe umempa mwajiri sentensi ya kutegemea kwa mwandiko wako mwenyewe. Ingetosha kuandika kwamba unayaondoa malalamiko kwa wakati huu bila kuathiri haki zako.

Iandikie idara ya wafanyakazi barua nyingine sasa, kabla hujapokea barua ya kuachishwa kazi, ueleze tarehe uliyoitwa, nani alikuwapo na ulitishwa vipi, kisha ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya ndani hayana uhusiano na mahakama, kwa hiyo kuyaondoa hakujakuzuia kwenda kwa afisa wa leba, kwenda kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na hushughulikia ubaguzi wa kikabila, au kufungua kesi. Ukiachishwa kazi, una miezi mitatu ya kulalamika kwa afisa wa leba, na malalamiko hayo hayakunyang'anyi haki ya kwenda mahakamani.

SWALI: Mkubwa wangu kazini amekuwa akinitaka kimapenzi, nami nikikataa ananinyima zamu. Nilipiga ripoti polisi. Familia yake imekuja nyumbani kuomba yaishe, na wazazi wangu wamekubali. Nikienda kituoni kuondoa ripoti, itaisha? – *Binti, Kayole*

JIBU: Binti yangu, huenda isiishe, na wazazi wako waelezwe hivyo mapema. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamwadhibu mtu mwenye mamlaka anayeendelea kumsumbua mwingine kimapenzi akijua hatakiwi, kwa kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya makosa hayo si wa mlalamishi wala wa polisi wa kituoni; uko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kesi ikishafika kortini hawezi kuiondoa bila ruhusa ya mahakama. Barua yako ya kujiondoa itawekwa kwenye faili na kupimwa, lakini bado unaweza kuitwa kutoa ushahidi.

Usikubali kuandika kwamba ulisema uongo ili tu kuwaridhisha wazee. Kutoa habari za uongo kwa polisi ni kosa, na barua hiyo ingekugeuza wewe kuwa mshukiwa. Tena, hata polisi wakilifunga faili, madai yako dhidi ya mwajiri yanasimama peke yake: Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinakataza dhuluma za kingono kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi juu ya jambo hilo. Omba kuiona sera hiyo, weka nakala za ratiba za zamu ulizonyimwa, na usifute ujumbe wowote kwenye simu yako. Shirika la mawakili wanawake, FIDA Kenya, na Kituo Cha Sheria husaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Nenda kwao ukiwa na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) uliyopewa kituoni, kabla ya kikao kingine cha familia.