Maswali ya tenisi: binti ameshinda Pwani nzima, sasa aende wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zatoka kisiwani na pande za Nyali, na nyingi zauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtoto anayecheza vizuri hapa Mombasa anafikaje kwenye tenisi ya kulipwa? Tumechagua sita.

Binti yangu ana miaka 15. Tangu mwaka jana hajafungwa na msichana wa rika lake hapa Pwani. Kocha asema aache shule, acheze ya kulipwa kama Angella Okutoyi. Mamake hataki hata kusikia. Nani yuko sawa?
*Baba wa mchezaji, Tudor*

Mamake, mzee. Na Okutoyi mwenyewe hakupita njia hiyo anayoisema kocha. Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa Afrika wa chini ya miaka 18 kule Tunisia. Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika Grand Slam ya vijana (Grand Slam ni yale mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi), Australian Open. Julai mwaka huo huo yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi wakashinda taji la wasichana wawili wawili pale Wimbledon. Baada ya yote hayo alikwenda wapi? Chuoni: Auburn University, jimbo la Alabama, 2023. Machi 2024 akarudi kuichezea Kenya, akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra.

Sasa tuje kwa binti yako. Kushinda Pwani nzima ni jambo zuri, lakini hakumpi hata pointi moja ya kimataifa. Pointi zapatikana kwenye mashindano ya vijana ya ITF, yaani Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ambayo ni ya kuanzia miaka 13 hadi 18. Ngazi yake ya chini ni J30, kisha J60, J100 na kupanda hadi J500. Nambari hiyo ndiyo pointi za bingwa: anayeshinda J30 anapata 30. Katika hesabu ya nafasi zake duniani huchukuliwa matokeo 6 bora ya mmoja mmoja, pamoja na robo ya pointi za matokeo 6 bora ya wawili wawili. Hiyo robo wazazi wengi huidharau. Mtoto akitolewa raundi ya kwanza ya mmoja mmoja, baba anakata tikiti ya kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na mwenzake wa wawili wawili anabaki amesimama peke yake kortini. Hivyo ndivyo pointi zinavyotupwa, na jina pia linaharibika, kwa kuwa wachezaji huambiana nani ni wa kuaminika.

Ya kulipwa huanzia W15 kwa wanawake na M15 kwa wanaume. Hapo 15 ni dola 15,000, na hizo ni zawadi za mashindano mazima, wala si za mshindi. Bingwa wa mmoja mmoja hutoka na dola 2,000 na kitu, kama shilingi 300,000. Anayetolewa raundi ya kwanza ya droo kuu, yaani mashindano yenyewe baada ya mechi za kufuzu, hupata takriban dola 150, nazo ni kabla ya kodi, hoteli, nauli na chakula. Yaani msichana anaweza kushinda mechi mbili kwa wiki na bado akarudi na deni. Kisha, aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kabisa kucheza mashindano hayo, na kuanzia 14 wasichana huwekewa kikomo cha mashindano kwa mwaka hadi watimize 18. Kwa hiyo hata akiacha shule leo, kalenda haitamruhusu kuijaza.

Kwa miezi 12 ijayo mpangie J30 nne hadi sita, za Nairobi na nchi jirani, nyingi ziangukie likizo. Akianza kufika robo fainali mara kwa mara, mpandishe J60. Akiingia kwenye 100 bora za vijana duniani, W15 zina nafasi zilizotengwa kwa vijana wa kiwango hicho katika droo kuu, naye ataingia kwa mlango wa mbele bila kupigania mechi za kufuzu. Na cheti cha kidato cha nne akilinde kama raketi yake, maana vyuo vya Marekani huangalia vyote viwili.

Nimesoma kwamba Victoria Mboko, aliyefungwa na Okutoyi kwenye fainali ya Wimbledon, sasa ni nyota mkubwa. Je, Okutoyi alikosea kwenda chuo?
*Msomaji, Kongowea*

Fainali hiyo ilikuwa ya wawili wawili: Okutoyi na Nijkamp waliwafunga Wakanada wawili, Mboko na Kayla Cross, 3-6, 6-4, 11-9. Hizo 11-9 ni za seti fupi ya mwisho, mbio za kufika pointi 10 kwa tofauti ya mbili. Mipira miwili ikianguka upande wa pili, leo tungekuwa tunaandika mengine.

Mboko alikuwa hajatimiza miaka 16 siku hiyo, na safari yake baadaye haikunyooka kama watu wanavyodhani. Goti lilimsumbua. Alianza 2025 akiwa nje ya 300 bora, akaenda kucheza mashindano madogo ya ITF, na hapo akashinda mechi 22 mfululizo. Mei akapitia mechi za kufuzu Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, na kufika raundi ya tatu. Agosti, akiwa na miaka 18, alipewa nafasi ya mwaliko nyumbani kwao Kanada, katika mashindano ya WTA 1000 ya Montreal (ngazi ya juu ya wanawake, chini ya Grand Slam tu), akamfunga Coco Gauff njiani na Naomi Osaka kwenye fainali, 2-6, 6-4, 6-1.

Angalia mpangilio huo. Hakuruka ngazi ya chini. Alirudi pale pale kwenye mashindano ambayo wengine wanayaona madogo, akayamaliza kwanza. Lakini pia ana kitu ambacho mchezaji wetu hana: shirikisho lenye fedha na mashindano makubwa ya nyumbani yanayoweza kumpa mwaliko. Mchezaji wa Kenya asiye na hivyo viwili hupata chuoni makocha, korti, daktari wa misuli na mechi za ushindani kila wiki bila kulipa. Hatuoni kosa lolote.

Vijana wangu wakicheza hapa Nyali mipira yote inaingia. Tukipanda Nairobi, kila mpira watoka nje nusu mita. Wanakasirika, wanaanza kusukuma mpira badala ya kupiga. Tufanyeje?
*Kocha msaidizi, Nyali*

Kocha, hao watoto hawajaharibika mkono. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya hapa kwa kama asilimia 15. Mpira hausuguliwi sana angani, basi wenda mbali. Msokoto nao haushiki vilevile, kwa sababu ni hewa inayousukuma mpira uliosokotwa kushuka. Hapa Mombasa mambo ni kinyume: hewa nzito na unyevu, manyoya ya mpira yanavimba, na baada ya gemu chache mpira umekuwa kama kitumbua. Mtoto aliyekulia hapa amezoea kupiga kwa nguvu zake zote ili mpira ufike.

Sheria za ITF zinaruhusu mpira maalum wa nyanda za juu kwa mahali pote palipo zaidi ya mita 1,219. Kabla ya kusafiri, muulize msimamizi ni mpira gani utatumika, kisha tafuta kopo mbili za mpira huo huo wa kufanyia mazoezi ukifika. Usibebe mipira ya kawaida ya hapa ukaifanyie mazoezi kule: shinikizo lililo ndani linabaki lile lile huku la nje limepungua, hivyo inadunda juu kuliko ile watakayopewa siku ya mechi.

Kisha nyuzi. Ongeza mkazo pauni 2, wakati mwingine 3. Aliyezoea 50 mtie 52 na ampige mwenzake mipira dakika 20. Bado ikitoka, raketi ya pili itiwe 53. Usivuke hapo kwa mtoto mwenye nyuzi za poliesta, atarudi na kiwiko kinachouma. Na nyuzi za poliesta zichukuliwe kuwa zimekufa baada ya saa 10 hadi 15 za kucheza hata kama hazijakatika. Zinabaki zimesimama pale zikionekana nzima, ilhali mpira haushikwi tena. Makocha wengi hupanda na raketi zilizotiwa nyuzi mwezi mzima uliopita, halafu lawama inakwenda kwa Nairobi.

Fikeni siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia mechi. Siku ya kwanza wapige wakilenga mita moja na nusu ndani ya mstari wa nyuma, swingi ikiwa nzima. Hilo ndilo tiba ya kusukuma mpira: punguza shabaha, usipunguze mkono. Servi ya pili waifanyie kazi zaidi, kwa kuwa ndiyo inayovunjika kwanza. Na wafundishwe kuzitumia zote zile sekunde 25 kati ya pointi na pointi, pumzi kule hairudi upesi kama huku.

Mwanangu hukamatwa na misuli seti ya tatu, hasa wakati wa kaskazi. Nampa madafu matatu kabla ya mechi. Mbona hayasaidii?
*Mama, Likoni*

Madafu ni mazuri, mama, lakini yana potasiamu nyingi kuliko sodiamu, na jasho linatoa zaidi sodiamu, yaani chumvi. Akinywa madafu na maji matupu kwa saa tatu za kaskazi, anazidi kuipunguza chumvi iliyobaki mwilini. Ukimwona na michirizi myeupe kwenye fulana ikikauka, huyo ni wa chumvi nyingi.

Mchanganyiko wa nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na kijiko nusu cha chai cha chumvi. Kamulia ndimu apate hamu. Pima kijiko kweli, usikisie kwa vidole. Ikizidi chumvi atatapika. Anywe mafunda manne matano kila wanapobadilishana upande, wana sekunde 90 za kukaa. Siku ya mazoezi mpime uzito kabla na baada, akiwa amejikausha: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, na airudishe kwa lita moja na nusu polepole jioni hiyo.

Chumvi peke yake haitamaliza shida. Misuli iliyochoka kupita mazoezi yake hukaza hata ikiwa imejaa maji, kwa hiyo acheze seti tatu kamili kwenye mazoezi mara moja kwa wiki. Na ajue sheria: kukamatwa na misuli hakumpi muda wa daktari, yaani kusimamisha mechi ili atibiwe. Atahudumiwa tu wakati wa kubadilishana upande. Asipoweza kusubiri, itabidi aachie pointi, hata gemu, mpaka wakati huo ufike. Wapo waliopoteza seti nzima wakibishana na mwamuzi juu ya hilo.

Wenzangu hutafuna miraa kidogo usiku ili wakeshe. Nikitafuna siku ya mechi kuna ubaya? Na dawa ya mafua je?
*Kijana wa miaka 19, Majengo*

Upo. Miraa, na muguka vilevile, ina kathini na kathinoni, na zote mbili zimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano. Kathini inahesabiwa ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Na "wakati wa mashindano" huanza saa 5 na dakika 59 usiku wa kuamkia mechi, ila ulichotafuna jioni kitakuwa bado kimo mwilini. Dawa ya mafua yenye sudoefedrini nayo ina kikomo. Iache angalau saa 24 kabla ya mechi, na duka la dawa waambie wakusomee kilichomo, usiridhike na jina la pakiti.

Nilijaza fomu ya J30 Jumatano, wiki nne kabla, nikaambiwa nimechelewa. Kivipi?
*Mzazi, Bamburi*

Umechelewa kwa siku moja. Mwisho wa kujiandikisha kwa vijana ni Jumanne, siku 27 kabla ya Jumatatu ya wiki ya mashindano, saa 8 mchana za GMT. Kwetu hiyo ni saa 11 jioni. Mwisho wa kujitoa bila adhabu ni Jumanne nyingine, siku 13 kabla. W15 ina utaratibu wake: Alhamisi, siku 18 kabla, saa ile ile ya 11 jioni.

Na usisubiri siku hiyo ndipo ufungue akaunti ya IPIN, ile ya ITF ambayo mchezaji hujiandikishia mashindano. Ifungue mwezi mmoja mapema, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mohamed wa cheti cha kuzaliwa na Muhammad wa pasipoti ni watu wawili kwa mtambo. Pasipoti iwe na miezi 6 zaidi. Mtoto akisafiri na kocha, abebe barua ya idhini ya wazazi wote wawili, nakala ya cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kwa J30 hiyo uliyoikosa, bado unaweza kumwandikia msimamizi uulize kama droo ya kufuzu ina nafasi za kujiandikisha papo hapo. Zikiwepo, fikeni siku moja kabla, mapema kuliko saa 10 jioni, na mtoto mwenyewe awepo.