Kwa wewe uliyenunua gi, sare ya karate, juzi: goti, presha na kiti cha plastiki

Mwaka 2009 huduma yangu ya kwanza ilikuwa barafu nne za shilingi hamsini hamsini, zile za vifuko virefu ambazo watoto hufyonza wakitoka shule. Sempai, mwanafunzi aliyenitangulia, alizinunua duka la ng'ambo ya barabara, akanifunga nazo gotini kwa mkanda wangu mwenyewe wa kahawia. Tulikuwa kwenye kumite, yaani kupigana na mwenzako, tena nyepesi tu. Nilirusha mawashi geri, teke la kuzungusha, kwa mguu wa kulia, mguu wa kushoto niliousimamia ukanata kwenye mkeka mpya badala ya kuzunguka. Mwili ukaenda, goti likabaki. Nilisikia mlio kama wa kuvunja muhogo mkavu.

Nafanya Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, hapa Dar es Salaam tangu 2001, nilipokuwa na miaka 24. Katika muda wote huo nimeona watu wengi wakiacha karate kwa sababu ya kuumia, na karibu wote waliachishwa na jeraha la pili, si la kwanza. La kwanza hutokea tu, kama linavyomtokea mcheza mpira au mpanda bodaboda. La pili huwa tumelipika wenyewe. Langu nililipika hivi.

Jioni ileile rafiki alinipeleka kwa mzee wa kuchua. Mzee alikuwa na nia njema na mikono kama koleo. Alinikanda kwa maji ya moto, akapaka mafuta, akavuta, akasokota. Asubuhi goti lilikuwa kama boga. Leo najua kwamba siku mbili tatu za mwanzo kiungo kilichoumia kinaweza kuwa kinavuja damu kwa ndani, na joto na kusugua vinazidisha. Siku hizo ni za barafu iliyozungushiwa kitambaa, dakika 15 hadi 20 kisha unaitoa, bandeji isiyobana sana, na mguu juu ya mto. Na kama ulisikia mlio, au goti limevimba ndani ya saa chache, au huwezi kulikanyagia, nenda hospitali. Usimsubiri mjomba wako aje kuliangalia.

Mimi hospitali sikwenda. Uvimbe ulipungua baada ya wiki tatu, nikajihesabu mzima. Wiki ya sita kulikuwa na mtihani wa mkanda, na ada nilikuwa nimeshalipa. Nilimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, saa moja kabla, nikaingia. Ninaposikia wageni wakishauriana vidonge vya kumeza kabla ya mazoezi, hapo ndipo huwa nakosa uvumilivu. Kidonge hakitibu ligamenti, ile kamba inayoshika mifupa ya goti. Kinanyamazisha tu kinachokulilia. Ukikimeza hovyo kila wiki, tumbo na figo navyo vitakudai.

Kata ya mtihani, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, ilikuwa Seiyunchin. Seiyunchin haina teke hata moja. Karibu yote ni shiko dachi, miguu imetanuliwa, magoti yamekunjwa kama mtu aliyekalia farasi, na unahama kutoka pembe moja kwenda nyingine bila kuinuka. Hatua ya tatu nilipogeuka, goti liliteleza kwa ndani, likaniacha chini mbele ya meza ya watahini. Hakuna aliyenigusa.

Kipimo cha MRI kilionyesha ligamenti ya mbele imekatika na gegedu limechanika. Gegedu ni ile nyama ngumu kama mpira inayokaa kati ya mifupa, inayolifanya goti lipokee uzito bila kusagana. Daktari alinieleza bila kunifokea kwamba huenda gegedu lilikuwa zima siku ya kwanza. Goti lisilo na ligamenti hiyo hucheza, na kila linapocheza linalitafuna gegedu. Kwa hiyo zile wiki sita nilizokuwa nikijisifu kwamba natembea bila fimbo, nilikuwa najimalizia goti mwenyewe.

Nilifanyiwa upasuaji. Walichukua kano ya nyuma ya paja langu, wakaitengenezea ligamenti mpya. Watu hudhani upasuaji ndio kazi yenyewe. Kazi inaanza baadaye, kitandani, na haina utukufu wowote: unaviringisha taulo, unaliweka chini ya goti, unalikandamiza na kuhesabu mpaka tano. Mara thelathini. Unanyoosha mguu, unauinua, unaushusha polepole. Msuli wa paja hunywea haraka kuliko unavyofikiri. Nilijipima kwa tepu ya fundi cherehani, paja la kushoto likawa limepungua sentimita tatu. Kusimama kwa mguu mmoja wakati napiga mswaki, jambo ambalo mwanangu wa darasa la pili alilifanya akicheka, kulinitoa jasho.

Mtaalamu wa mazoezi tiba alinipa masharti mawili kabla ya kurudi kwenye kumite: miezi isiyopungua tisa, na kuruka kwa mguu mmoja mpaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Nilijaribu kumbembeleza, nikamwambia mimi nina nidhamu ya karate. Akanijibu, "Kaka, nidhamu hiyo basi itumie kungoja."

Sasa kuhusu kiti. Nilipomweleza sensei, mwalimu wangu, nilitegemea aniambie nirudi nikipona. Hakusema hivyo. Aliweka kiti cha plastiki chini ya dirisha, akasema saa ya mazoezi ikifika niwe pale, nimevaa gi. Wajapani wana jina la kazi hiyo, mitori geiko, mazoezi ya kutazama. Wiki mbili za kwanza nilikiona kile kiti kama adhabu. Vijana wa mkanda mweupe walinipita wakiniamkia "shikamoo" kwa huruma, kama mgonjwa wa wodini.

Halafu nikaanza kuona vitu. Nikaona kwamba mwenzetu mmoja, ambaye sijawahi kumkwepa hata mara moja, hushusha mkono wa kushoto kidogo kila anapotaka kupiga teke. Nikaona nani anahema kwa mdomo tangu dakika ya tano. Mwezi wa pili sensei akaniambia nipige ngumi nikiwa nimekaa. Ukiwa umekaa, kiunoni hakuna msaada, na nikagundua kwamba miaka minane nilikuwa nainua bega la kulia kila ninapopiga. Nikiwa nimesimama kiuno kilikuwa kinanifichia. Kiti hakikuwa na siri. Nikapiga ngumi mia mia, bega limetulia, na mpaka leo ile ndiyo ngumi yangu.

Ukiumia, basi, usipotee. Anayebaki nyumbani "mpaka nipone" mara nyingi harudi kabisa, au hurudi na haraka ya kufidia, na haraka hiyo ndiyo inayomvunja tena. Muulize sensei ni nini unaweza kufanya. Mguu umeumia, kuna mikono, kuna Tensho, kata ya mikono laini aliyoitunga Chojun Miyagi mwenyewe, mwanzilishi wa Goju-ryu, na mikono ile ukiwa umekaa inatosha kukuchosha mwaka mzima. Mkono umeumia, kuna miguu na kuna kuhesabia wenzako kwa sauti.

Na sema. Waliolelewa kama mimi huona aibu kumwambia mwalimu kwamba wanaumwa. Nenda kabla ya kipindi, msalimie, mwambie kwa maneno machache: "Shikamoo sensei. Goti la kushoto linaniuma nikilikunja. Naomba leo nisishuke shiko dachi." Mwalimu mzuri atakuuliza tangu lini. Akikujibu kwamba maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini, mheshimu, malizia mwezi wako, tafuta dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, nyingine. Mwenzako wa kumite naye mwambie kabla hamjainamiana: "Kaka, goti la kushoto, usilifagie." Sijawahi kukutana na mtu aliyeambiwa hivyo akafagia makusudi, yaani akaupiga mguu huo ili kumwangusha mwenzake.

Goti angalau linapiga kelele. Presha ni kimya. Mwaka 2019 nilimsindikiza mama kliniki, nesi akiwa amemaliza kumpima akanigeukia: "Na wewe kaka, leta mkono." 168 kwa 104. Nikamwambia mashine imekosea, mimi ni mtu wa mazoezi. Akasubiri, akapima tena, ikasoma karibu vilevile. Nikarudi siku tatu mfululizo nikiwa nimepumzika, haikushuka ya maana. Nilikuwa na miaka 42, mwembamba, mkanda mweusi kiunoni.

Kwa watu wa Goju-ryu jambo hili lina uzito wake. Kata yetu ya msingi ni Sanchin, "vita vitatu", na ndani yake unakaza mwili wote kuanzia vidole vya miguu huku ukipumua kwa nguvu. Ikifanywa sawasawa, pumzi inatembea. Lakini wengi wetu, hasa mwalimu anapopita akitugonga mabega na mapaja kupima ukazo, tunabana pumzi. Kubana pumzi huku misuli yote imekaza kunapandisha presha ghafla, hata kwa mzima. Daktari hakunikataza karate. Alinikataza kubana pumzi, akasema nianze dawa, na nisifanye Sanchin ya kukaza mpaka presha itulie. Miezi minne nilifanya Sanchin laini, pole pole kama mtu anayetembea ndani ya maji. Aibu yangu ni kwamba ndipo nilipojua nilikuwa sijawahi kupumua ndani ya ile kata.

Ukiwa mtumia dawa za presha, yapo mambo madogo ambayo duka la dawa halikuambii. Nyingine hukupa kizunguzungu unapoinuka haraka, na sisi tunainuka haraka kila siku baada ya kuinama tukiwa tumepiga magoti. Inuka mguu mmoja kwanza, subiri, kisha wa pili. Zipo zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa hiyo usijipime uchovu kwa mapigo. Jipime kwa pumzi, kama unaweza kusema sentensi nzima au huwezi. Na zile za kukojoza, pamoja na joto la Dar la mwezi wa pili, zinahitaji uongee na daktari wako kuhusu maji. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa.

Malaria nitaisema kwa kifupi kwa kuwa kila mtu anadhani anaijua. Dawa mseto humezwa siku tatu, lakini siku tatu za dawa hazikurudishi dojoni siku ya nne. Zaidi ya uchovu kuna bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto. Malaria inaweza kuivimbisha, na bandama iliyovimba inaweza kupasuka kwa teke ambalo siku nyingine ungelicheka. Waambie hospitali wakupime tumbo kabla ya kurudi kwenye kumite. Kata unaweza kuanza mapema kidogo, taratibu.

Wenye pumu: dawa ya kuvuta ikae ukingoni mwa mkeka, isiwe kwenye begi lililofungwa zipu ndani ya gari la rafiki. Kwa wanaofunga Ramadhani, dojo yetu huhamisha mazoezi baada ya tarawehe, na ninyi ambao dojo zenu hazihamishi, ombeni, au fanyeni kata tu kabla ya kufuturu.

Kichwa ni habari nyingine kabisa, na hapa sitanii. Ukipigwa kichwani halafu ukaona maruweruwe, ukasikia kichefuchefu, ukauliza mara mbili leo ni siku gani, umemaliza kwa siku hiyo, hata kama ni fainali na mama yako yuko jukwaani. Usipande bodaboda peke yako kurudi nyumbani. Ukitapika, kichwa kikizidi kuuma, au ukaanza kusinzia kiasi cha kutoamshika, ni hospitali usiku uleule. Siku moja mbili za kupumzika, kisha kutembea, kisha kata, na kumite mwisho kabisa baada ya daktari kuruhusu. Goti langu lina ligamenti ya kutengenezwa. Ubongo hakuna anayekutengenezea.

Siku hizi mimi ndiye ninayesimama mlangoni kabla ya kipindi, natazama watu wanavyovua viatu. Anayeumwa mguu huegemea ukuta. Anayeumwa mgongo huvulia viatu juu ya ngazi. Juzi kijana wa mkanda wa njano alifunga mkanda wake kwa vidole vinne.

"Hebu lete mkono."

"Hamna kitu, sensei. Kidogo tu."

Kidole cha pete kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo. Kilikuwa kimenyooka na kinakunjika kwa shida, basi tukakifunga pamoja na cha kati kwa plasta, nikamwambia kesho asubuhi akapige picha kabla ya kazi, na leo akae. Kiti bado tunacho, kimepasuka kidogo mgongoni. Nikamtuma mwenzake duka la ng'ambo na shilingi mia nne kuleta barafu nne. Akarudi na mbili.