Kufuli la mlango wa nyuma

Juzi vijana wangu wa ofisini wameniletea mpango wa usalama wa tamasha la mwezi ujao. Kurasa kumi na nne, jedwali lina rangi nyekundu, njano na kijani, jalada lina nembo. Ukurasa wa tatu, kwenye orodha ya hatari tunazotarajia, nimekuta theluji. Theluji, Temeke, mwezi wa kumi na moja. Wameipa rangi ya njano, na kwenye safu ya mhusika wameandika jina la mtu wa kuifuatilia.

Nikasema sawa, kunakili tumenakili sote, twendeni uwanjani. Kibao cha mahali pa kukusanyikia wakati wa dharura wamekipanga kati ya jenereta na mitungi ya gesi ya wauza chipsi. "Dada, si ndipo penye nafasi." Tukazunguka hadi mlango wa nyuma. Mmoja wao, tena yule ninayempenda kwa akili, akaugonga kwa kiganja akasema: "Huu tutaupiga kufuli. Wazamiaji wa huku si watu." Anawasema wanaoingia bila tiketi.

Sikumjibu pale. Namjibu hapa, na wenzake wote mlioanza kazi hii mwaka huu.

1. Mpango wa usalama huandikwa kwa miguu. Nenda saa ileile ya shughuli. Kama ni usiku, nenda usiku, uzime tochi ya simu, utembee kutoka mbele ya jukwaa hadi barabarani. Ukijikwaa, andika. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akikupa kibali hajakukagulia mashimo.

2. Hesabu milango kabla ya kuhesabu tiketi. Hapa nina deni, kwa hiyo mnivumilie.

Mwaka 2013 nilisimamia onyesho katika mji mmoja wa mkoani. Uwanja una ukuta pande zote, geti la mbele, na mlango wa nyuma wa kupitishia vifaa. Wiki mbili kabla, kwenye shughuli nyingine hapohapo, wazamiaji walitumaliza kwa mlango huo, na promota alinifokea mbele ya mabaunsa. Safari hii nikasema hapiti mtu. Nikaenda dukani mwenyewe, nikachagua kufuli kubwa kuliko yote, shilingi elfu nane, nikaomba risiti. Ndiyo, risiti. Niliitaka kwa ajili ya marejesho ya hela za ofisi.

Tulitarajia watu 1,500. Walioingia walizidi 2,500, maana nilipoona foleni bado ndefu nilituma mtu akachape tiketi nyingine.

Saa tatu kasoro usiku mvua ikashuka, haikutanguliza hata rasharasha. Paa lilikuwa jukwaani na kwenye kibanda cha VIP tu. Watu wakageukia getini. Na dakika hiyohiyo, kwa ratiba niliyoipanga mimi, gari la msanii lilikuwa limefika kwenye geti lilelile linasubiri kuingia, taa zimewaka, na waliobaki nje wanalizonga ili waingie nalo. Geti lilikuwa na mabawa mawili. Moja nilikuwa nimeagiza lifungwe ili tiketi zikaguliwe vizuri. La pili lilifungukia ndani. Katikati ya njia ilikaa meza yangu ya tiketi, yenye kitambaa cha mdhamini.

Nilikimbia nyuma ya jukwaa kwenda kwenye ule mlango. Ufunguo anao mlinzi. Mlinzi kaenda kula. Aliyemruhusu ni mimi. Simu hapokei. Fundi saundi akaja na nyundo, akalipiga lile kufuli mpaka nyundo ikachomoka kwenye mpini. Nilikuwa nimenunua kitu imara kwelikweli. Mwisho vijana wanne waliung'oa mlango upande wa bawaba. Waliokuwapo wanasema zilipita kama dakika kumi. Mimi sikutazama saa. Nilikuwa nasikia kutoka getini sauti ambayo sijaisikia tena, wala haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa kama watu wengi wanaguna kwa pamoja, wanabanwa pumzi.

Hakufa mtu, na si kwa akili yangu. Binti wa miaka kumi na sita alivunjika mbavu mbili, kijana mmoja mfupa wa bega, wengine michubuko. Viatu tulivyookota asubuhi vilijaza viroba viwili. Nilikwenda hospitali na boksi la juisi. Mama wa yule binti hakunitukana. Alinisogezea kiti, akanishukuru kwa kuja, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ule mlango wa nyuma nani aliufunga?"

Nikasema: "Mlinzi, mama."

Mlinzi alifukuzwa Jumatatu. Nilikuwepo ofisini siku hiyo. Nilikuwa naandika marejesho.

Haya, hesabu. Mwongozo wa usalama wa viwanja vya michezo unaotumika Uingereza unakadiria kwamba kwenye sehemu tambarare, upana wa mita moja hupitisha watu 82 kwa dakika. Palipo muhimu kunakili mnapaacha, mnanakili theluji. Bawa langu moja lilikuwa na upana wa mita 1.2, sawa na watu 98 kwa dakika. Gawanya 2,500 kwa 98: dakika 25 na ushee, kwa watu watulivu, kiwanja kikavu, bila meza na bila gari la msanii. Hesabu ya darasa la sita hiyo, na sikuifanya, kwa sababu usiku ule nilikuwa nahesabu vishina vya tiketi.

3. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo ningependa yabandikwe ukutani: kukimbia na kukimbilia. Ninyi mnapanga kwa ajili ya watu wanaokimbia: moto, bomu, ugomvi. Lakini tazameni misiba yetu. Moshi, Februari 2020, watu 20 walifariki kwenye ibada uwanjani. Walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Uwanja wa Uhuru, Machi 2021, walifariki 45. Walikwenda kumuaga Rais Magufuli. Kampala, usiku wa kuamkia mwaka 2023, wasiopungua tisa. Walikimbilia kutazama fataki. Pote huko hapakuwa na moto wala bomu. Watu walikuwa wanafuata kitu wanachokipenda, na aliye nyuma hakujua kwamba aliye mbele hana tena pa kukanyaga.

Kwa hiyo ukikaa na ratiba jiulize: saa ngapi, na upande gani, kutakuwa na kitu cha kukimbilia? Msanii anaingia wapi? Fulana za bure zinarushwa kuelekea wapi? (Usirushe. Mdhamini akinuna, anune.) Mvua ikinyesha, paa liko wapi? Kwangu msanii na mvua vyote vilielekeza watu getini, na ratiba niliipanga mwenyewe kwa kalamu nzuri ya bluu.

4. Uwanja kujaa siyo sifa. Watu wawili kwa mita mraba wanacheza. Wakifika wanne, watano, anza kuogopa. Wakizidi hapo mtu haamui tena mwili wake uende wapi. Tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idi, watoto 20 walifariki Tabora katika ukumbi wa disko uliofurika. Nikisikia promota anajisifu kwamba "walikosa hata pa kusimama", naikumbuka Tabora, na hamu ya kula inaniisha.

5. MC aandikiwe maneno ya dharura mapema, ayasome kwenye karatasi. Wa kwangu alibuni. Aliomba, "Jamani, tusikimbie!" spika zinakatakata, na uwanja mzima ukasikia "kimbie".

6. Saundi iwe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuizima bila kumuuliza promota, na mtu huyo awe hanywi.

7. Jenereta mbali na watu, mafuta mbali na jenereta, mtungi wa kuzimia moto karibu na vyote viwili, na namba 114 ya Zimamoto kwenye simu ya kila msimamizi. Gari la wagonjwa ligeuzwe litazame nje kabla wageni hawajaingia. Nimeona moja limezungukwa na pikipiki na meza za mishkaki mpaka dereva akashuka akaagiza.

8. Maturubai. Nilikuwa na kisa kirefu cha harusi moja Bagamoyo na upepo wa kusi, ila bwana harusi bado ni mteja wangu. Fungeni mizigo miguuni pa turubai, basi.

9. Mabaunsa si watu wa usalama. Baunsa anajua kuzuia, na usiku ule wa kwangu walizuia vizuri sana: walishikana mikono getini, wakarudisha watu ndani, kwa sababu kazi niliyowapa ilikuwa moja tu, kwamba mtu asipite. Hakuna aliyewaambia kuna saa ya kufungua. Wapeni redio, wapeni neno moja la kufungua milango, na mlifanyie mazoezi kabla ya saundi cheki, yale majaribio ya spika, hata wakicheka. Watacheka.

Ukaguzi wetu ni Jumamosi saa kumi jioni. Chai baadaye, nitaanzia mlango wa nyuma, nausukuma kwa mkono mmoja, na ufunguke kwenda nje. Kama mnaogopa wazamiaji, wasimamisheni watu wawili pale usiku kucha, wawe wanakula kwa zamu, posho zao nimeshaziingiza kwenye bajeti. Mmoja mtamtafuta. Wa pili ni yule mliyempa theluji.