Shule imefungwa, wahitimu wapo: namna ya kuwaaga wanafunzi wa darasa la 12

Tarehe 17 Machi 2020, kwa sababu ya virusi vya korona, Kansas ilitangaza kwamba shule zake hazitafunguliwa tena mpaka mwaka wa masomo uishe. Lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kufanya hivyo, na mengine yakafuata. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakajikuta wamemaliza sekondari bila kujua kwamba siku waliyofunga makabati yao ndiyo ilikuwa ya mwisho. Dansi ya kuagana ikafutwa, msimu wa michezo ukakatika, na mahafali yakaahirishwa au kuhamishiwa kwenye skrini.

Namna ya kufanya mahafali ni mzigo wa mkuu wa shule na bodi. Mwalimu wa darasani ana kazi ndogo zaidi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya: kumwambia kila mhitimu, kwa jina, jambo alilomwona akilifanya. Ukishika hilo, mabango na maputo yanakuwa nyongeza tu, na mfuko wako unapumua.

Orodha kwanza. Mwombe mshauri wa wanafunzi majina ya wanaotarajiwa kuhitimu, kisha uyaombe tena siku chache kabla ya kuchapisha chochote, maana hubadilika. Anayeona jina lake kwenye bango halafu akaambiwa amepungukiwa somo moja amefedheheka mbele ya mtaa mzima. Aliyehitimu akasahaulika naye hatakusamehe, wala mama yake. Kwenye orodha hiyo ongeza safu nne: jina analolitumia, matamshi yake, anwani ya posta ya sasa, na barua pepe yake binafsi. Hiyo ya mwisho usiiache. Shule nyingi huzima akaunti za waliohitimu wakati wa kiangazi, na video uliyoihangaikia itaangukia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu.

Kuhusu matamshi, usikisie. Mwombe kila mmoja akurekodie jina lake kamili kwa simu, sekunde tano zinatosha, uzisikilize mara kadhaa na uandike silabi kwa namna utakayoisoma wewe mwenyewe. Ukumbini jina likikosewa hupotea katika vigelegele. Kwenye video litabaki limekosewa kila familia itakapoirudia.

Na faragha. Sheria ya shirikisho ya FERPA, ya mwaka 1974, inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, huiruhusu shule kutoa taarifa za kawaida kama jina na picha, ila mzazi anaweza kukataa, na mwanafunzi akishatimiza miaka 18 hukataa mwenyewe. Ofisi ya shule inayo orodha ya waliokataa. Iombe kabla ya kupandisha picha hata moja.

Sasa barua, na hapa ndipo pa kuweka nguvu zako. Barua nzuri ya mhitimu haizidi nusu ukurasa, na imeandikwa kwa mkono. Inahitaji tukio moja ulilolishuhudia, maana uliyoiona ndani yake, na neno moja la kumtakia heri. "Umekuwa mwanafunzi mwenye bidii" ni sentensi inayoweza kwenda kwa yeyote, kwa hiyo haijaenda kwa mtu. Linganisha na hii: "Mwezi wa Oktoba ulilikataa jibu langu la mteremko wa grafu, ukaja ubaoni kuthibitisha lako, na kuanzia siku hiyo darasa zima likaanza kubishana kwa hoja." Hii hata bila jina ingejua pa kufika.

Huruma ya jumla iache. Mhitimu wa 2020 aliambiwa pole kila mahali, kuanzia redioni hadi kwa jirani. Ukitaja ugonjwa, sentensi moja inatosha. Usimlinganishe na mwenzake, maana barua hizi husomwa kwa sauti na kupigwa picha, na wataoneshana. Hakikisha urefu unakaribiana kwa sababu hiyohiyo.

Wapo ambao hutakumbuka lolote juu yao. Ni wale wakimya wa safu ya kati, na ndio wanaoihitaji barua kuliko wote. Fungua daftari la alama, soma insha au jaribio lake la zamani, muulize mwalimu wa bendi au wa michezo. Utapata kitu: alama zilizopanda kati ya muhula na muhula, swali aliloandika pembeni ya kazi. Usibuni kumbukumbu. Kijana wa miaka 18 anaitambua mara moja.

Hesabu ya muda ifanywe mapema. Barua moja huchukua dakika 15 hivi ukijumlisha kufikiri. Mwenye wahitimu 120 anahitaji saa 30. Akiandika 8 kwa siku atamaliza kwa siku 15 za kazi, yaani wiki tatu. Anza wiki sita kabla ya tarehe ambayo mahafali yangefanyika, na uanze na wale wagumu. Ukianza na wapenzi wako, wagumu watapata mwalimu aliyechoka. Kuhusu gharama, mwaka 2020 stempu ya barua ya kawaida ilikuwa senti 55, na ya postikadi senti 35. Kwa watu 120 hiyo ni dola 66 dhidi ya 42. Bahasha ya mraba, ijapokuwa inapendeza, ilitozwa senti 15 zaidi kwa sababu mashine za posta haziwezi kuipanga, na bahasha isiyopinda kwa sababu ya beji iliyomo ndani ilitozwa hivyohivyo. Tumia ya mstatili na uandike anwani yako nyuma.

Wengine hupenda kupeleka wenyewe mlangoni. Ni jambo jema, lakini lina kanuni zake. Kitu kisichokuwa na stempu hakiruhusiwi kuwekwa kwenye sanduku la barua la nyumba. Hiyo ni sheria ya shirikisho, na sanduku hilo limetengwa kwa matumizi ya posta tu. Kitundike kwenye kitasa au ukiache barazani, bonyeza kengele, rudi nyuma futi 6 au zaidi, ndipo usalimie. Piga simu au tuma ujumbe siku moja kabla: kuna nyumba zenye mgonjwa, kuna zenye mtu anayelala mchana baada ya zamu ya usiku, na kuna mwanafunzi asiyetaka mwalimu aone anapoishi. Huyo mpe nafasi ya kuchukua zawadi yake shuleni siku ya kugawa majoho. Usiombe picha "mbele ya nyumba yako" kwa darasa zima, kwa kuwa si kila mmoja ana nyumba ya kusimama mbele yake.

Vibao vya plastiki vya kuchomeka kwenye nyasi vilienea sana mwaka ule. Kipimo cha kawaida ni inchi 18 kwa 24, na husimama kwa waya wenye umbo la herufi H. Miguu ya waya iingie kwenye mirija iliyomo ndani ya plastiki ya kibao hadi mwisho na ardhini kwa urefu wote, la sivyo upepo wa kwanza unakilaza. Kisichomekwe kwenye ukanda kati ya njia ya miguu na barabara, kwani aghalabu ni ardhi ya mji na vibao huondolewa. Jina la kwanza na mwaka vinatosha. Jina kamili, shule na nyumba kwa pamoja ni taarifa nyingi mno kumpa kila mpita njia.

Mkutano wa video unaonekana rahisi, na ndio unaoharibika zaidi. Akaunti ya bure ya Zoom ilikuwa na kikomo cha dakika 40 kwa mkutano wa watu wengi, na washiriki 100, ingawa kampuni iliwaondolea shule nyingi kikomo hicho cha muda wakati wa kufungwa. Angalia kikomo cha akaunti yako kabla hujaalika mababu na mabibi. Washa chumba cha kusubiri, weka nywila, na kiungo kitumwe kwa barua pepe, kamwe kisiwekwe hadharani. Wavamizi walikuwa wakiwinda viungo vya aina hiyo.

Wimbo wa pamoja usijaribu. Sauti ya kila mtu huchelewa kwa kiasi tofauti, na programu humpa nafasi mwenye sauti kubwa na kuwafifisha wengine, matokeo yake ni kelele. Makofi nayo ni hivyohivyo: zima vipaza sauti vyote na waambie wapunge mikono yote miwili hewani kama wanavyoshangilia viziwi. Inapendeza kuitazama. Wakati wa kuhamisha kishada cha kofia kutoka kulia kwenda kushoto, tarajia vurugu kidogo, maana picha ya mtu kwenye skrini yake mwenyewe hugeuzwa kama kioo, na nusu ya darasa itahamisha upande usio wake. Waache wacheke.

Video iliyoandaliwa kabla ni salama zaidi kuliko ya moja kwa moja. Mpe kila mhitimu sekunde 7: picha, jina, na sauti yako ukilitamka. Watu 120 ni dakika 14, na zaidi ya hapo mtazamaji ataruka kutafuta wa kwake. Omba picha zipigwe simu ikiwa imelala, mwanga ukimwangukia usoni, na upange siku ya mwisho ya kupokea wiki moja kabla ya siku unayoihitaji kweli. Asiyetuma picha anawekewa jina lake kwa maandishi makubwa kwa sekunde zilezile 7. Usimkatie.

Muziki ndio unaozamisha video nyingi. YouTube na Facebook hutambua rekodi zenye hakimiliki na huinyamazisha au kuizuia video, wakati mwingine katikati ya matangazo ya moja kwa moja. Hata muziki wa maandamano wa mtunzi Edward Elgar wa mwaka 1901, ule unaopigwa kila mahafali ya Marekani, una mtego: tuni yenyewe ni mali ya umma, lakini rekodi ya okestra fulani ni mali ya walioirekodi. Tumia rekodi ya bendi ya shule yenu ya mwaka uliopita, au muziki wa bure kutoka maktaba ya sauti ya YouTube.

Ikiwa shule imeamua mahafali ya magari, ambapo familia hubaki ndani ya gari, utaitwa kusaidia, hivyo jua panapokwama. Shule ya Kennett huko New Hampshire iliwapandisha wahitimu wake mlimani kwa viti vya waya vya watelezaji wa theluji mnamo Juni 2020, na baadhi ya shule za Texas zilitumia uwanja wa mbio za magari. Nyingi hutumia maegesho tu. Gari moja kila sekunde 45 ni kasi inayowezekana, na kwa wahitimu 300 hiyo ni saa tatu na dakika 45, kwa hiyo gawanya zamu kwa herufi za majina ya ukoo. Kinachochelewesha kila mara ni picha. Bandika alama ya utepe pa kusimama, mpiga picha awe mmoja, na familia zisishuke. Transmita ya FM isiyohitaji leseni, ya kurusha sauti ya sherehe kwenye redio za magari, hufika takriban futi 200, hivyo safu za nyuma hazitasikia kama imewekwa mbele; iweke katikati. Redio ikisikilizwa muda mrefu injini ikiwa imezimwa, betri dhaifu huisha. Weka tayari nyaya za kuunganishia betri na mtu anayejua kuzitumia.

Baadhi ya barua zitarudi na mhuri wa posta kwamba mpokeaji hayupo. Familia zilihama kwa wingi mwaka ule, kazi zilipopotea. Usizitupe wala usizifungue. Mtumie mwanafunzi ujumbe kwenye ile barua pepe binafsi uliyoichukua mwanzoni, umwombe anwani mpya, uweke stempu nyingine.